Barua ya Pili Kuhusu Lugalia

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Fiona amenipa daftari jipya. Ati niandike ninachokula na saa za dawa. Sawa. Uji, nusu kikombe. Dawa — nyeupe au ya waridi? Zote mbili? Basi, yatosha. Kurasa zilizobaki ni zangu.

Jana daktari wa kliniki ya Al Sadd alizungumza na Fiona mlangoni kana kwamba mimi ni kabati. Moyo umechoka, figo zinaufuata. Wiki kadhaa. Binti yangu ni nesi, hakulia. Alikunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Akiwa zamu ananiacha na Milka. Msichana wa Chavakali, kwetu, mjukuu wa Ezra. Fiona alipotafuta mtu wa kunitunza hapa Doha, watu wa nyumbani walisema mchukue Milka, maana nyumba ya kina Ezra na ya Mwalimu, yaani mimi, ni ndugu. Ndugu! Kwa sababu ya barua niliyowaandikia mwaka 1968.

Leo Milka kanionyesha simu. Ujumbe wa baba yake, Cyrus. Wanaweka jiwe kwenye kaburi la Lugalia, yule kaka wa Ezra aliyepotelea vitani. Wanataka maneno yangu mwenyewe: "Aliuawa na Divisheni ya 21 ya Vifaru vya Wajerumani, Tobruk, 20 Juni 1942." Fundi anaanza kuchonga Jumamosi. Mwalimu ayapitie maneno, aseme kama ni sawa.

Si sawa. Nikamwambia Milka nitayapitia.

Jumanne, 4 Novemba

Kichwa kiko wazi kidogo. Niandike kabla hakijafunga.

1968. Nina miaka ishirini na saba, digrii mpya ya Makerere, suruali ya pasi. Ezra alikuja nyumbani kwangu na mama yake mzee, haoni. Nyuma yao Rebeka, mke wa Lugalia. Lugalia alikuwa amechukuliwa na jeshi la Mwingereza kuwa paionia — kuchimba mitaro na kubeba mizigo, maana wao ni Friends, kanisa lao halimruhusu mtu kushika bunduki. Barua yake ya mwisho ilitoka Tobruk, Mei 1942. Kisha kimya cha miaka ishirini na sita!

Mama alitaka kumzika mwanawe kabla hajazikwa yeye. Na mke wa Ezra alikuwa mjamzito, jina la Lugalia linamngoja mtoto, lakini mtoto hapewi jina la mtu ambaye huenda yu hai. Ezra akaniuliza: Mwalimu, wewe umesoma. Vitabu vinasemaje?

Nilikuwa na kitabu kimoja. Kwa Kiingereza, juu ya divisheni hiyo ya vifaru. Kilisema tarehe 20 Juni vifaru vilivuka uwanja wa mabomu ya kutegwa, na kufikia jioni vikawa bandarini Tobruk. Nikaunganisha. Mtu alikuwa Tobruk, vifaru vilikuja Tobruk, mtu hakurudi. Nikapiga taipu: "Nimethibitisha." Nikagonga muhuri wa mwalimu mkuu, naye alikuwa safarini.

Kitabu hakikumtaja Lugalia. Hakikumtaja Mwafrika hata mmoja.

Walizika shina la mgomba, wamelifunika blanketi kama mtu. Rebeka akanyolewa kama mjane. Mtoto akazaliwa, akaitwa Cyrus Lugalia. Rebeka hakuwa na mtoto, kwa hiyo wakampa amlee, maana jina ni la mumewe. Ndiye Cyrus huyu wa jiwe.

Milka ameingia na supu. Nimemwita Rebeka. Akacheka: "Mwalimu, leo nimekuwa nyanya yangu!"

Jumatano, 5 Juni

Si Juni. Novemba. Milka amesahihisha, nami nimeacha kosa lionekane.

Mashine ya baridi inanguruma ukutani. Nilipoamka baada ya chakula nilidhani ni injini. Nilikaa nikihesabu: kifaru cha aina gani, Mark III au Mark IV? Upuuzi. Nje ni mtaa wa Najma, duka la simu, kinyozi, malori ya maji. Nimeandika kurasa mia nne kuhusu jangwa kabla sijaliona jangwa. Nimeliona sasa, dirishani, nina miaka themanini na minne.

Kurasa mia nne! Historia ya divisheni nzima, kwa Kiswahili. Kuundwa kwake Libya mwaka 1941. Tobruk. El Alamein. Kujisalimisha Tunisia, Mei 1943. Kuundwa upya Ufaransa, mapigano ya karibu na Caen, na mwisho wake upande wa mashariki dhidi ya Warusi. Watu hunisifu: Mwalimu anapenda vita vya Wazungu, ana bidii. Sikupenda. Nilikuwa nikimtafuta Lugalia amekufa mahali fulani ndani yake, ili barua yangu iwe kweli.

Sijala.

Alhamisi, 6 Novemba

Fiona yuko nyumbani leo, off. Ameniogesha. Aibu ya baba kuogeshwa na binti — ilikwisha ndani ya dakika mbili. Akauliza kwa nini nalia. Nikasema sabuni.

Sasa ile ya pili. Niiandike.

1979. Nilikuwa nimeanza Kijerumani kwa kamusi. Nikaandikia jarida la askari wa zamani kule Ujerumani: je, kuna yeyote anayekumbuka mapaionia wa Kenya pale Tobruk? Miezi saba, kimya. Kisha bahasha. Ottmar Krehl, fundi wa malori ya jeshi. Alisema anamkumbuka mmoja. Alitekwa Tobruk, akawekwa karakana yao kuchota maji. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisa. Alikataa kusafisha bunduki, hata walipomfokea. Alikuwa hai Aprili 1943, Tunisia. Asubuhi moja hawakumwona, na wakulima wa jirani walisema amekwenda na watu wa kusini. Jina waliloliita lilikuwa kama Lugali.

Hai! Miezi kumi baada ya mimi kumuua.

Nilifanya nini? Nilitafuta kosa. Nikaona Krehl alikuwa Divisheni ya 15, si ya 21. Basi, nikasema, huyu anazungumza juu ya mtu mwingine. Kana kwamba mtu hawezi kutekwa na hawa akafanyishwa kazi na wale. Au alisema 21, mimi nikasoma 15? Sikumbuki. Naona karatasi, naona nambari, nambari inabadilika.

1981 Rebeka alikuja shuleni peke yake. Alisubiri darasa liishe. Aliniuliza, Mwalimu, hakuna barua nyingine iliyokuja? Sijui nani alimwambia, labda hakuna, labda moyo wake tu. Nikasema, hakuna, mama. Akasema, haya, asante. Akashika njia.

Aliishi miaka kumi zaidi. Kila mwaka ningeweza kwenda. Ni dakika ishirini kwa miguu.

Ijumaa, 7 Novemba

Ijumaa ndiyo siku ya ibada hapa. Fiona na Milka wamerudi kanisani na chapati za mtu. Cyrus akapiga, simu ya video. Ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi, nimevaa shati.

Cyrus yuko boma, jiwe liko chini, nyuma yake fundi Ronny na kofia ya gazeti. "Mwalimu! Kwani huko Doha hawapiki? Umekonda hivi!" Nikamjibu wanapika, mimi ndiye sili. Akasema Ronny ana swali. Ronny akaingia kwenye picha, akasema herufi ni nyingi na jiwe ni dogo, ila akipewa nafasi anaweza kuchora kifaru, tatizo ni kwamba amewahi kuchora kile cha mbugani tu. Wote wakacheka. Mimi pia.

Kisha nikasema. Nilisema hivi: Cyrus, usichonge. Lugalia hakufa Tobruk. Nilipata barua nikaificha.

Kuku alipita nyuma yake.

Cyrus akaniuliza polepole, kama mtu anayesema na mtoto: "Mwalimu, juzi si uliniita Ezra?"

Nikasema ndiyo, lakini leo najua wewe ni Cyrus.

"Na ukaniuliza kama Waingereza wameondoka."

Hiyo siikumbuki. Niliuliza hivyo?

Fiona akaichukua simu. Nilimsikia sebuleni: pole sana, kaka, ni hizi dawa, zinamchanganya, maneno ni yale yale aliyoandika mwenyewe, endeleeni tu. Akarudi akakaa kitandani. "Baba, kwa nini unawatia watu wasiwasi? Miaka yote wanakuheshimu." Nikamwambia ndiyo sababu. Akapima presha. Iko juu. Ameongeza kidonge.

Kwa hiyo nimekiri, na haikuingia. Nusu karne naaminiwa nikisema uongo!

Milka alikuja baadaye kuchukua sahani. Aliinama akaninong'oneza: "Guga, hiyo barua iko wapi?" Guga ni babu, kwa Kimaragoli. Hajawahi kuniita hivyo.

Nikamwambia iko kwenye katoni ya kitabu. Sina hakika. Huenda iliachwa Chavakali. Huenda niliichoma. Nakumbuka moshi, lakini moshi wa nini?

Jumamosi, 8 Novemba

Asubuhi. Fiona zamu. Milka ameshusha katoni kutoka juu ya kabati. Kurasa zote sakafuni. Anatafuta sura baada ya sura, mimi naelekeza kwa kidole. Si hiyo, hiyo ni El Alamein. Si hiyo, hiyo ni orodha ya makamanda. "Mwalimu, wewe uliandika mpaka majina ya madaraja!" Ndiyo. Madaraja yote.

Saa nne. Cyrus ametuma sauti: Ronny ameanza, amemaliza jina, anaingia kwenye maneno.

Saa nne na nusu. Imepatikana, nyuma ya sura ya tisa. Karatasi mbili, Kijerumani. Milka kanipa. Nikavaa miwani.

Mwandiko ni wangu.

Si wa Krehl. Wangu! Wino wa bluu, g zangu zenye mkia mrefu. Je, niliinakili kabla ya kuichoma ile yenyewe? Au nilitunga? Mtu aliyetunga ya kwanza anashindwaje kutunga ya pili? Nimemwambia Milka: irudishe, mwanangu, Fiona ana haki, ni kichwa changu. Hakurudisha. Ameelekeza kamera ya simu juu ya karatasi, simu inageuza Kijerumani kuwa Kiswahili, Kiswahili cha ajabu, na yeye anasoma kwa sauti: "Mtu wa maji alikuwa anaimba kanisa. Mtu wa maji alikataa bunduki." Nikasema hayo yote ningeweza kuyatunga, kila mtu alijua ni Friends.

Akaendelea. "Mkono wa kushoto kidole kidogo hakina juu. Alisema ndugu mdogo alikata na kisu kikubwa, na mama hajui mpaka leo."

Akashusha simu.

Akaniuliza, hii ulitoa wapi? Nikasema sijui. Hata sikumbuki sentensi hiyo imo. Akaniuliza tena, Babu Ezra aliwahi kukuambia habari ya kidole? Nikasema hapana. Akasema hawezi kuwa alikuambia. Ezra alikuwa na miaka sita, wanakata miwa, panga likateleza. Lugalia alimwambia mama yao ameumia kwenye kinu, ili mdogo asichapwe. Ezra alikaa na siri hiyo mpaka wiki ya kufa kwake, mwaka 2009, akamwambia Milka peke yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimlisha.



Sikutunga. Mungu wangu. Sikutunga! Furaha — kisha nikaona maana yake, kwamba kweli nilimficha Rebeka habari za mumewe, furaha ikaisha.

Milka ameshapiga simu. Nasikia nyundo kwa upande wa pili, tak, tak. Anaongea haraka, Kimaragoli na Kiswahili pamoja: baba, mwambie Ronny aache, ndiyo, sasa hivi, sikiliza habari ya kidole cha kaka yake Babu. Anasoma ile sehemu. Anairudia. Nyundo imekoma. Cyrus anasema nipewe Mwalimu.

Milka amelaza simu kitandani, kando ya daftari, spika wazi. Sura ya Cyrus inatazama dari. Hanilaumu. Haulizi habari ya jiwe, wala jina lake, wala Lugalia alikwenda wapi. Anauliza kitu kimoja. Barua hiyo ilikuja mwaka gani?

Nikasema sabini na tisa.

Ninaandika ili mkono ufanye kitu. Anahesabu, namsikia akihesabu. Sasa anauliza tena, sauti ndogo, si ya mtu wa miaka hamsini na saba:

"Mwalimu. Mama Rebeka alijua?"

Milka ananitazama. Cyrus anangoja. Nimesema, Cyrus, alikuja shuleni kuuliza, na mimi nikamwambia hakuna barua.