Kisu cha mkono wa kushoto

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, Jangwani kumejaa maji, na nimeingia nyumbani viatu vikiwa mkononi.

Leo nilienda Kariakoo kumtafutia mama kisu.

Mama ni mpishi wa shughuli. Pilau yake imeliwa kwenye harusi nyingi hapa Buguruni. Tangu apate kiharusi, mkono wa kulia unaning'inia tu. Jirani yetu, Mama Rehema, anamwoza binti yake mwezi ujao, na mama amekataa katakata atafutwe mpishi mwingine. Visu vyake vya zamani ni vizito, akasema nimtafutie chepesi, atajifunza kukatia kushoto.

Pale sokoni visu vya seti vinang'aa, lakini ni bati tupu. Nilikibinya kimoja kikapinda. Vya meno vinachana nyanya badala ya kuikata. Nikamwambia dada anayeuza kwamba ni cha mgonjwa, anatumia mkono wa kushoto. Akaacha kunisifia bidhaa. Akachagua kifupi, mpini mnene wa plastiki, hautelezi hata ukiwa na maji. Bei rahisi, na nilipoyajaribu makali yake kwenye ukucha, yaling'ata. Nilirudi nimefurahi njia nzima.

Mama alikishika akatabasamu kwa ule upande wa mdomo unaomtii. Nikamwekea kitunguu kwenye kibao. Kikabingirika. Nikakipasua ili kilale. Safari hii kisu kikateleza, kikagota kwenye kibao. Akajaribu tena, na tena, jasho likimtoka. Nilitaka kumshikia kitunguu, akanikataza kwa macho.

Kisha akakiweka kisu chini, taratibu.

"Kesho mwambie Mama Rehema atafute mtu."

Nikamwambia bado mapema, nitamletea kingine, Kariakoo visu haviishi.

"Kisu hakina kosa, mwanangu."

Nikakata vitunguu mwenyewe, vipande vinene, vibaya. Mama huyu hajawahi kuniacha nikate kitunguu bila kunisema. Leo alinitazama tu hadi nikamaliza.

Ni afadhali angenigombeza.

Chakula amekigusa tu. Sasa amelala, ameugeukia ukuta, na sijui kama kweli ana usingizi. Asubuhi itabidi nivuke uchochoro niende kwa Mama Rehema. Nitaanzaje kumwambia?