Jino Nililolifunga kwa Uzi

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, na unisamehe barua ikiwa ndefu, maana tangu mume wangu afariki sina mtu wa kunikatiza maneno. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na marehemu alikuwa fundi saa, meza yake ilikuwa upande wa pili wa dirisha hilohilo, kwa hiyo kwa miaka ishirini na sita nilikuwa nikiinua macho tu namwona.

Miaka minne iliyopita niling'olewa jino la mbele, la juu, nikawa nacheka huku nimeziba mdomo kwa futi ya kupimia nguo, mume wangu akaniambia, "Mke wangu, mimi nilioa kicheko, hiyo futi sikuitolea posa," akanipeleka kwa daktari wa meno nikapandikizwa jino, yaani skrubu ya chuma inaingizwa kwenye mfupa wa taya, mfupa unaishika kwa miezi kadhaa, ndipo jino la bandia linafungwa juu yake. Alipoiona picha ya eksirei alisema skrubu ile ni binamu wa zile za saa zake. Tuliagizwa turudi kila miezi sita, kadi akaitunza yeye, siku ikifika ananiambia, "Twende tukalitie jino ufunguo," tunakaa kwenye benchi la kliniki, yeye upande wa ukutani, tunagawana gazeti.

Alinikataza pia kukata uzi kwa meno, maana ndiyo tabia yetu mafundi, mkono mmoja uko kwenye kitambaa na mwingine kwenye gurudumu, mdomo ndio mkasi. Akanifungia mkasi mdogo kwa utepe wa bluu kwenye mguu wa cherehani. Alipofariki, sasa ni mwaka na miezi miwili, niliufungua utepe nikauweka mkasi kwenye droo ya meza yake, kwa sababu kila nikiugusa nilishindwa kuendelea kushona, nikarudia kukata kwa meno. Kliniki sijakanyaga, miadi miwili imepita, najiuliza nani atakaa upande wa ukutani.

Ufizi ulianza kutoa damu nikipiga mswaki, nikaacha kupiga mswaki sehemu hiyo nisiuumize, ukavimba, ukawa mwekundu, asubuhi nasikia ladha ya chuma chenye kutu, na nikibonyeza unatoka usaha ingawa hauniumi sana. Wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye hajui kuyapaka maneno sukari, aliniambia, "Wifi, usinichukie, lakini siku hizi mdomo wako unafika kabla yako." Tulicheka wote wawili, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Wiki tatu zilizopita jino likaanza kucheza. Nikafanya ninachokijua, nikachukua uzi wa nailoni wa kushonea vifungo nikalifunga kwa jirani yake, mafundo mawili. Likatulia siku nne. Sasa uzi umezama kwenye ufizi na jino linacheza vilevile. Naogopa daktari ataling'oa, na ndicho kitu pekee alichonipa ambacho natembea nacho kila mahali. Siku yake ya mwisho alinishika mkono akasema, "Usiache kulipeleka jino," nikamjibu, "Siachi." Nikaacha. Je, ipo dawa ya kuliokoa nikiwa hapahapa nyumbani?

Mjane mshonaji

*

Mama mshonaji,

Pole sana. Dawa hiyo haipo, nami sitakudanganya ili upate usingizi. Mteja akikuletea gauni lililofumuka na yeye amelibandika kwa gundi, ungemwambia nini? Basi jiambie hivyohivyo kuhusu uzi wako.

Nimemuuliza daktari wa meno ninayemwamini. Damu, uvimbe, usaha na ladha mbaya ni dalili za maambukizi kuzunguka ile skrubu, na maambukizi hayo hula mfupa polepole, mara nyingi bila maumivu makali. Usijifariji kwamba halikuumi. Ile damu ya kwanza ilikuwa inakubishia hodi, wewe ukakaza komeo. Kuhusu kucheza, huenda ni kiungo cha juu tu kimelegea, nacho hukazwa upya. Lakini kama ni chuma chenyewe ndani ya mfupa, kwa kawaida hutolewa, kidonda kikapona, na baadaye huenda ukapandikizwa kingine. Mimi na wewe na kioo chako hatuwezi kujua ni lipi. Eksirei itasema.

Ungekwenda kwenye miadi ya kwanza uliyoikosa, pengine leo tungezungumzia kusafishwa tu. Najua neno hili linauma, na ulilijua kabla sijaliandika.

Kesho asubuhi piga simu kliniki, useme wazi kwamba una usaha na jino linacheza, usikubali kupangiwa mwezi ujao. Uzi usiuvute, daktari ndiye atakayeutoa, na umweleze ulivyoufunga. Ameona makubwa kuliko hayo. Kama una kisukari, mwambie. Mpaka hapo piga mswaki laini taratibu, pamoja na sehemu hiyo, na usilitafunie. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yanasafisha, hayatibu. Vidonge vilivyobaki kabatini viache. Na uso ukivimba, homa ikapanda, au ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kliniki.

Inawezekana ukarudi nyumbani bila jino hilo. Itakuuma, lilie. Lakini mume wako hakukuambia ulifiche, alikuambia ulipeleke. Umechelewa kulipeleka, mama, na mlango wa kliniki bado uko palepale.

Nenda na wifi yako. Aliyeweza kukuambia ukweli ule anaweza kukaa nawe kwenye benchi. Mpe upande wa ukutani, na gazeti mgawane.

Lakini kabla hujampigia wifi simu, fungua ile droo. Utoe mkasi, uufunge tena kwa utepe wake kwenye mguu wa cherehani, ukate nao uzi wa kwanza. Ukishindwa kushona siku hiyo, usishone.