Kigoda cha Laini Saba

Jumatano, 2 Januari 2008

Bado tuko ndani, tangu ghasia za kura zianze. Duka la chini limefungwa, la juu limefungwa, na sukuma wiki ya jana ilikuwa ya mwisho. Mumo ameniuliza kama mwaka mpya huanza hivi kila mara. Ana miaka tisa. Nimemwambia hapana. Dada yake hajauliza kitu, amelala tu, na hilo linanitisha zaidi.

Simu haina salio na mtaa wetu wa Kabiro mzima hakuna pa kununua kadi. Sijui lolote kuhusu Laini Saba kule Kibera. Karakana yetu iko kando ya reli kabisa — mbao, randa, misumeno, kila kitu kiko mle. Barua ya wizara ninayo hapa, nimeitia ndani ya Biblia. Ruzuku imekubaliwa, afisa atakuja Januari kukagua, kisha watoe. Nimeisoma mara nne leo. Hakimu alitupa hadi mwisho wa Machi: karakana iwe na paa la maana na mwalimu wa kudumu, la sivyo faili za vijana wetu kumi na mmoja zinarudi kortini. Nilichapa barua ofisi ya probesheni miaka kumi na miwili. Faili ikirudi, kijana analala rumande. Mengine hayana haja ya kuandikwa.

Afisa atakuja Januari! Nani atakanyaga Kibera Januari hii?

Ijumaa, 4 Januari

Tumekula! Ugali na chumvi, basi. Watoto wamekwangua sufuria hadi ukoko.

Ni Shivachi — yule wetu aliyemwibia simu Nduku, mwenye kibanda kule Laini Saba, mwaka juzi, anakaa nyumba tatu kutoka hapa. Alikwama Kibera kwa mjomba wake tangu Krismasi. Asubuhi akabisha na begi la shule mgongoni.

"Niaje madam. Watoi wamekula?"

Pakiti nne za unga. Nikafungua mdomo, akaniwahi. "Usiniulize saa hii. Shika tu."

Nikashika. Sikuuliza. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza.

Kila pakiti ina mstari mwekundu wa rangi pembeni. Pakiti iliyoisha nimeitandika kwenye rafu ya vikombe.

Jumatatu, 14 Januari

Leo nimetembea hadi Laini Saba. Miguu inauma lakini moyo umetulia, kwa sehemu kubwa.

Kwanza niliona mlango haupo. Ndani hamna randa, hamna msumeno, hamna hata kipande cha ubao. Kimebaki kigoda peke yake katikati ya sakafu. Nikakaa kizingitini nikalia, wala sikuona haya. Ndipo Nekoye akatokea, yule msichana wetu wa miaka kumi na nane, akaniuliza, "Madam, unalia nini na vitu ziko?"

Ziko! Siku ile ya kwanza ya ghasia, yeye na Okoth mwenzake waligawa vifaa kabla watu hawajafika. Randa ziko chini ya kitanda cha Okoth kule Kisumu Ndogo. Misumeno iko kwa mama yake Nekoye, imefungwa ndani ya blanketi. Mbao ziko kanisani. Nilimkumbatia mpaka akaniambia namuumiza. Vijana ambao mtaa unawaita wezi! Kigoda walikiacha kwa sababu hakuna angekiiba. Kila mtu hapa anajua ni cha nini: ukitaka kuingia Rudisha, kikundi chetu, unakaa juu yake, mwenye mali akiwa mbele yako, nami nauliza yale maswali mawili. Ulichukua nini? Ni cha nani? Ukishajibu kwa mdomo wako, unapewa kazi ya kulipia. Hatuna sheria nyingine.

Halafu nikapita kwa Nduku. Yeye ndiye mwenye mali wa kwanza kukaa mbele ya kigoda kile, na sasa ni mwanakamati wetu. Kibanda chake kimebaki nguzo. "Waliniachia kiberiti kimoja," akasema, "na kimelowa." Akacheka, Nduku huyu! Akasema hata rafu alizotengenezewa na Shivachi zimekwenda. Unga wote pia, na ulikuwa na alama yake. Wanakodi mkokoteni mmoja wafanyabiashara wanne, kila mtu na rangi yake mizigo isichanganyike. Yake ni mstari mwekundu.

Nikaangalia viatu vyangu. Nikamwambia pole. Pole tu ndiyo niliyokuwa nayo.

Jumanne, 15 Januari

Nimeitoa ile pakiti kwenye rafu. Nimeikunja, nimeitia kwenye Biblia, pale pale ilipo barua. Sijui kwa nini sikuichoma.

Ijumaa, 29 Februari

Jana wakubwa wametia sahihi mkataba wa amani. Mtaa mzima ulikuwa nje, watu wasiosalimiana tangu Desemba wanapeana mikono. Fundi viatu wa kona amefungua. Nimenunua nyama, robo, watoto wakanitazama kana kwamba nimepotea njia.

Na leo saa nne simu imelia! Anaitwa Mbuvi, afisa wa ruzuku. Anasema haikufutwa, ilisimamishwa tu. Anakuja Alhamisi kukagua. Tukiwa sawa, paa litaezekwa kabla ya siku ya hakimu. Nilikata simu nikaimba jikoni. Jirani akagonga ukuta, nikaendelea kuimba.

Ametuma fomu mpya, niichukue mjini Jumatatu.

Jumatatu, 3 Machi

Kipengele cha saba. Kila mwanachama na kila kiongozi atie sahihi kwamba hakushiriki ghasia, hakupora, wala hakupokea mali iliyoporwa.

Wala hakupokea.

Nilimpigia Mbuvi nikiwa bado ngazini. Nikauliza, na mtu akiwa alipokea kitu kidogo, tuseme chakula? Akasema, "Mama, wekeni sahihi tu. Hiyo page hakuna mtu husoma." Nilishukuru kwa moyo wote. Nikashuka ngazi nikiwa mwepesi. Nilifika hadi kituo cha basi kabla wepesi ule haujaisha.

Jioni Shivachi amekuja. Hakutaka kukaa. "Madam, mi siwezi sign hapo. Mlango wa Nduku ulikuwa umeshavunjwa, nikaingia na wengine. Nilikanyaga zile shelf nilitengeneza mwenyewe." Anataka kukaa kwenye kigoda Alhamisi, mbele ya Nduku. Nikamwambia afisa atakuwepo siku hiyo hiyo. Akasema anajua. Nikamwambia tunaweza kupoteza paa, Okoth na Nekoye warudi kortini kwa sababu yake. Nilisema hivyo, naandika hapa ili nisijidanganye baadaye.

Kisha akasema polepole, kwa heshima kabisa: "Nitasema ya mkono wangu pekee. Yako siwezi taja. Hiyo ni yako."

Mtoto wa miaka kumi na tisa!

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga pasi nguo. Nimepanga karatasi. Sahihi kumi zipo. Nafasi tatu ziko wazi — ya Shivachi, ya Nduku ambaye alikuwa kwa dada yake Kitui na anarudi kesho, na yangu.

Nimefikiria kila njia. Watoto walikuwa na njaa, huo ni ukweli. Lakini kila aliyewahi kukaa pale ana ukweli wa namna hiyo, nami huwa nawaambia tutausikia baadaye, kwanza maswali mawili.

Nimelala mchana, jambo nisilolifanya kamwe. Usingizi mzuri.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika nikiwa karakanani, daftari juu ya goti.

Mbuvi amefika mapema. Mtu mpole, viatu vimeshika tope, amesifu vifaa. Randa zote zimerudi, zimepangwa. Amehesabu vijana: kumi na mmoja, wote wazima. Wote wazima! Nimewatazama mmoja mmoja na sikumbuki kama nimewahi kushukuru hivi.

Shivachi aliposogea kukaa nikamwambia asubiri zamu yake. Nimekaa mimi.

Kigoda ni kifupi kuliko nilivyodhani. Magoti yako karibu na kidevu, na ukikaa hivi unawaona watu wote kutoka chini. Miaka miwili nimekaa upande ule. Sikulijua hili.

Mbuvi ameuliza, kwa nini mwenyekiti amekaa hapo. Nekoye amemweleza. Amefunika kalamu yake. Fomu iko mapajani mwake, bado imefunguliwa, na uso wake sijausoma. Okoth anaangalia mahali paa litakapokuwa.

Ajabu ni kwamba siogopi. Kifua kiko wazi. Pakiti iko mkononi, mstari juu.

Namsikia Nduku nje, anasalimia kila mtu relini, anauliza habari za nyumbani. Ameinama kuingia. Ananiona, anacheka. Anasema, "Toka hapo Kathini, hicho si kiti chako."

Sijatoka.