Papa, Haikuwa Dawa

Papa wangu muzee,

Huko uliko hakuna vita, basi leo utanisikiliza mpaka mwisho. Nimechoka na wewe!

Unakumbuka tulivyokimbia vita kule Kiwanja mara ya tatu, mguu wako umevimba? Hapa Goma muganga wa hospitali akakuta damu imeganda ndani, akakupa dawa ya kuifanya nyepesi. Ukaimeza kila siku bila kukosa, nikajivunia. Halafu akakupa kikopo cha kupimia choo, atafute damu isiyoonekana kwa macho, maana katika umri wako kansa ya utumbo huanza kimyakimya. Ukakibeba kwapani, umekifunga katika magazeti matatu, eti wakwe waliotupokea wasikione. Mama alicheka mpaka akatoka inje.

Damu ikapatikana. Muganga akataka kuangalia utumbo kwa kamera. Wewe ukasimama: "Dokta, kamera ya nini? Ni dawa yako inaleta ile damu." Akakueleza polepole: "Muzee, dawa haitoboi utumbo. Kama kuna kidonda, inakifanya kivuje tu. Tuangalie." Ukamushukuru, ukavaa kofia, ukaenda zako. Jamani! Mutu aliyeuza maharagi maisha yake yote, ambaye hakununua gunia bila kuingiza mkono mpaka chini kabisa! Tumbo lako mwenyewe ukakataa lichunguzwe. Kisha risasi zikalia upande wa Munigi, tukafunga mizigo tena, na mimi mutoto wako mukubwa nikanyamaza. Kwetu mutoto habishani na muzee. Kansa ilipojitokeza, tulikuwa tumechelewa.

Sasa sikia. Mama anameza dawa ya namna hiyohiyo kwa ajili ya moyo. Juzi kipimo chake cha choo kimeonyesha damu. Unajua kanijibu nini? "Papa yenu alishasema, ni dawa tu." Kama vile uliacha wosia! Nimebembeleza, nimelia, nimemuletea hata padri. Hataki. Yaani tulikuzika wewe, maneno yako yakabaki nyumbani yanakunywa chai.

Kesho asubuhi nitamukalisha chini. Nitamuambia jambo ambalo sikuthubutu kukuambia ungali hai: Papa alikosea. Alikosea, mama, nami nilimuacha akosee.

Unisamehe, muzee. Ninakupenda sana. Lakini wewe nilikuheshimu mpaka nikakuzika. Mama sitamuheshimu hivyo.

Pumzika, Papa, na safari hii usimutetee Mama.

Mutoto wako mukubwa