Babu Yako Amezikwa Wapi?

Jumatatu, 29 Januari 2024

Wamemrudisha Sumeya bila kitambulisho. Tena! Binti yangu ana cheti cha kuzaliwa cha hapa Nyeri, mimi mamake nina kitambulisho, halafu karani anamwambia ati Waislamu lazima wahojiwe kwanza na kamati ya wazee. Lynn, jirani yetu hapa Gatitu, wamezaliwa mwaka mmoja – dakika kumi, alama za vidole, kwaheri. Na chuo cha uuguzi kinataka kitambulisho kufikia tarehe kumi na mbili.

Miaka kumi na tisa nimetafiti jinsi polisi wa Moscow wanavyowasumbua Watajiki na Wauzbeki barabarani. Leta karatasi. Fungua begi. Kuna askari alimuuliza mjenzi mmoja babu yake amezikwa wapi. Kitabuni nililiita swali hilo ukatili. Wanafunzi nawaambia: huko, uso ndio kosa. Huko!

Jumatano, 31 Januari

Nimeenda kwa chifu, Bwana Wamae. Akanipa chai. Kamati haiwezi kukaa, anasema, kwa sababu Mwislamu wao wa pekee, mzee Abdulkadir, alifariki Desemba. Faili kumi na nne zimelala. Halafu, kwa upole kabisa: "Daktari Rukaya, si ukae wewe? Hii mambo umesomea."

Nimesomea. Niliacha chai yake hapo nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 3 Februari

Sumeya amepiga pasi yunifomu nyeupe ya chuo, ameitundika mlangoni, kila nikipita inanigusa bega. Nikikataa, mimi nabaki msafi na yeye anabaki nyumbani.

Nimempigia chifu. Siku moja tu, nimemwambia. Akanishukuru mara tatu. Bora angenitukana.

Alhamisi, 8 Februari

Naandika hapa kwenye kamati, wakati wa chai. Sumeya amewekwa wa mwisho, ati tusionekane tunapendelea.

Nilikuwa nimeapa: sitauliza mtu chochote, nitapitisha wote. Wa kwanza akaingia Junaid, mtoto wa fundi viatu. Cheti chake kinasema Nyeri mjini, kitambulisho cha babake kinasema Endarasha. Basi! Watu huhama. Lakini wazee wote wakanigeukia, na mzee Hezekiah akasema, "Huyu ni wenu, mama. Tuulizie." Nikasikia sauti yangu, ile ya utafiti, tulivu, ya kirafiki.

"Babu yako amezikwa wapi?"

Junaid alisema hajui. Akaangalia chini. Hezekiah akaandika kitu.

Nilijichukia papo hapo. Nikatoka nje nimpelekee Sumeya chai. Dirisha lilikuwa wazi, alikuwa amesikia kila kitu. Kikombe amekikataa. Anasema akiitwa ataingia, na nimuulize hilo hilo, nisimruke.

Wazee wanarudi. Fomu ya Junaid iko mbele yangu, na sehemu ya maoni yangu bado haina kitu.