Fundi Aliyewahi Kumposa Mke Wangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla wivu haujanitoa roho, maana hata darasani nafundisha hesabu nakosea mpaka wanafunzi wananisahihisha. Mke wangu ni mkunga, na wiki tatu zilizopita lori lilirudi nyuma bila kuangalia likaligonga gari letu upande wa kushoto mbele, yeye akiwa kwenye usukani, namshukuru Mungu alitoka na maumivu ya shingo tu, ila gari lilipondeka, na kila tuliyemuuliza alitutajia gereji moja tu, ya fundi ambaye, mshauri, alimposa mke wangu kabla yangu, na mpaka leo hajaoa, sasa mtu kama huyo anasubiri nini?

Nilijikaza kiume, nikasema haya, twende kwake. Dada wa mke wangu, aliyekuja kumuuguza, ndiye akawa anaongea na huyo bwana, na asubuhi moja simu ya shemeji ikalia mezani, nikasoma kwa macho yangu: "Mgonjwa wetu namwonea huruma. Mlete kesho mapema nimvue, nimpime mwenyewe, sitaki mtu mwingine amguse." Nimvue! Nilisimama pale na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, kumbe shemeji niliyempokea kwa mikono miwili ndiye kuwadi.

Sikumuuliza mtu. Siku ileile nikalivuta gari mpaka gereji nyingine, na sitaficha, niliichagua kwa kumtazama mwenye gereji: mzee, kitambi, picha za wajukuu ukutani. Alijaza mabonde kwa puti, akapiga msasa, akapuliza rangi, likatoka linang'aa. Lakini linavuta kushoto. Ukilegeza usukani kidogo linakimbilia mtaroni, na mlango wa mbele haufungi mpaka uubamize. Mke wangu analiendesha kila siku kwenda zamu, anadhani ni ubovu wa barabara, nami nanyamaza, kwa sababu nikisema tu, atasema tulipeleke kwa yule. Je, niwape onyo wote watatu, au nihame mtaa?

Ni mimi,
Mume Mwenye Donge

Mume Mwenye Donge,

Pole. Wivu unauma, uliwahi kunitafuna hata mimi, kwa hiyo sitakucheka. Nitakucheka kidogo tu, kwa huo ujumbe. Ingia gereji usikilize: gari lililogongwa mafundi wengi wanaliita mgonjwa. Na likishakuwa mgonjwa, hakuna tena "lilete", ni "mlete". Kinachovuliwa ni bampa na milango. Kinachopimwa ni chasisi, ule uti wa mgongo wa gari, kona kwa kona, ijulikane kama imepinda. Wewe mwalimu mzima umesoma neno moja vibaya, ukalijengea ghorofa. Ungemuuliza shemeji yako swali moja, mngecheka mpaka mbavu ziume.

Labda fundi bado anampenda. Sijui, na wewe hujui. Ninachojua ni kwamba alikataliwa, ukakubaliwa wewe, na sasa unamwonea wivu mtu uliyemshinda.

Huruma yangu inaishia hapo. Umechagua fundi kwa kitambi chake! Huyo babu hakupima kitu, amefunika chuma kilichopinda kwa puti na rangi. Gereji haichaguliwi kwa sura ya mwenyewe. Unauliza kama watapima chasisi kabla ya kunyoosha bodi, na unaomba ulione gari likiwa limevuliwa, kabla ya kupakwa chochote. Fundi akikuzuia kuona, geuka uondoke. Wewe unajua gari linavuta, umefunga mdomo, na mkeo analiendesha. Huo si wivu tena, bwana, usiupambe.

Ukimaliza kusoma hapa, chukua funguo. Mkeo asilipande hata kufika dukani, aende zamu kwa teksi au kwa miguu. Mwambie yote: ujumbe, babu, puti, na kwamba ulijua. Halafu lipeleke mwenyewe kwa yule fundi, umpe mkono, na kama moyo haujatulia, kaa kwenye benchi lake umtolee macho kutwa nzima, hakuna atakayekufukuza. Ukishindwa hata hilo, tafuta mwingine anayepima, wapo.

Mkeo atakasirika. Atanuna wiki, pengine mwezi, na chakula atakuwekea mezani bila neno. Mwache anune. Mke anayenuna yuko hai.