Thina na Kelele za Malaba

Jumatatu, 5 Mei 2025
Malaba. Miezi minne tangu nitoke Mutomo. Leo tumepaka rangi trela mbili. Kompresa ya kupulizia rangi inanguruma huku, grainda ya kusaga chuma inalia kule, harufu ya thina ya kuyeyushia rangi imejaa puani. Saa saba maziwa, pakiti moja kila mtu — ati yanaosha kifua. Mimi naona yanashibisha tu.

Mama amepiga simu. Miaka mitano ya ndoa, hakuna mtoto. Wazee wa ukoo wanakuja Jumapili ya tarehe kumi na nane kumrudisha Nthenya kwa baba yake. Mke wangu! Nikasema ngojeni. Akasema amengoja vya kutosha.

Nikamweleza Okedi, tunayepaka naye. Akacheka: "Boss, mke yuko Ukambani, wewe uko hapa. Unataka mtoto aje kwa M-Pesa?" Nikamwambia Krismasi nilikaa nyumbani mwezi mzima. Na Krismasi iliyotangulia. Basi akaacha mzaha. Kaka yake alipaka rangi miaka minane, naye hana mtoto. "Enda upimwe wewe kwanza."

Alhamisi, 8 Mei
Alupe, hospitali. Nikapewa kikopo cha kutilia mbegu, nikaonyeshwa choo. Nimeanza tu, mtu anagonga mlango, tumbo linamuuma! Nimemaliza kwa shida. Majibu Jumanne.

Jumanne, 13 Mei
Daktari ni mwanamke kijana, mpole. Mbegu zangu ni chache, na nyingi haziogelei. Akauliza nafanya kazi gani. Akasema mvuke wa thina na rangi unaweza kuharibu mbegu. Kelele za kutwa nazo zinauchosha mwili, na viwili hivyo vikikutana huenda madhara yakazidi — ingawa waliopimwa sana ni panya, si watu. Hakuapa kuwa ndivyo. Akasema niache hiyo kazi miezi mitatu, nipimwe tena. Huenda zikaongezeka.

Nikauliza, kwa hivyo mbovu ni mimi, si mke? Akasema mke naye apimwe, lakini tatizo langu lipo. Halafu akaniomba nipunguze sauti. Kumbe nilikuwa napayuka kama niko kando ya kompresa! Nilipotoka, benchi lote linanitazama. Mama mmoja akasema, "Pole, baba." Nikatembea nikiangalia viatu.

Jioni nikampigia Mama. Nikamwambia wazi: kasoro iko kwangu. Akasema: "Amekulisha nini huyo mke wako, hata ujitukane ili umfiche?" Akakata.

Jumatano, 14 Mei
Nimeomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Robinson mwenye gereji anasema nikienda, kabla rangi haijakauka atakuwa ameajiri mwingine. Sijui nitakula nini.

Nthenya amepokea simu mara moja tu. Sauti ndogo sana. Analia? Ananiambia kitu? Sisikii.
— Sema kwa nguvu!
Hawezi, akasema. Mama amesimama mlangoni.
Nikabana simu sikioni mpaka likauma. Nimeshika neno moja: nguo. Anafunga nguo zake.

Natoka kesho alfajiri. Ijumaa jioni niko Mutomo, kabla wazee hawajafika.